Anayefika Nyumbani Kwanza Ndiye Anayepika

Leo hakuna video, kuna maneno tu, manake nilicho nacho hakiingii kwa sekunde 60.

Kila nikiweka chakula, ujumbe ninaopata sana ni huu: "Bro, nipe kitu rahisi cha usiku. Kisiwe bei mbaya, kisichukue saa tatu, na nyumba nzima ishibe." Sawa, nitawapa vitano. Vyote tunavipika kwetu Likoni, na vyote ni vya nazi, nafaka na samaki, vitu tulivyozaliwa tukavikuta. Lakini kabla sijafunua sufuria nataka kuuliza swali ambalo watu hawaniulizi: hicho kitu rahisi, nani atakipika?

Manake kwa nyumba nyingi ninazozijua, chakula huwa rahisi kwa anayekila.

Kwetu tuko watano. Kuna bibi, kuna mamangu, kuna mimi nna miaka 22, kuna dadangu yuko kidato cha nne na ana KCSE mwaka huu, na kuna mdogo wetu wa kiume wa miaka 14. Mama ni mpishi. Anapika kwenye kafeteria moja kisiwani, anatoka nyumbani alfajiri. Jioni akimaliza anashika ule umati wa feri mnaoujua. Kuvuka ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini wallahi unalipa kwa muda. Avuke, apande matatu, afike nyumbani saa mbili usiku. Feri moja ikisumbua, saa tatu. Huyu ni mtu ameshinda akisonga sima za watu na kukaanga samaki za watu tangu asubuhi. Halafu afike kwake avue viatu, ashike mwiko tena? Mpishi naye, anapikiwa na nani?

Jibu la nyumba nyingi si mnalijua. Ni msichana. Akitoka shule, yunifomu bado iko mwilini, anaanza kuchambua mchele. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Imekuwa tu, kama vile kiti fulani huwa ni cha babake mtu na hakuna aliyekiandika jina.

Hebu tupige hesabu. Chakula cha usiku cha watu watano, ukijumlisha kwenda dukani, kukuna nazi, kupika na kuosha vyombo, ni kama saa mbili. Siku tano za shule ni saa kumi. Wiki kumi ni saa 100. Mvulana anayekaa naye darasa moja ana hizo saa 100 za kusoma, au za mpira, au za kulala. Halafu matokeo yakitoka tunasema msichana hakujibidiisha.

Hesabu nyingine. Mwaka 2019 Chef Maliha Mohammed alipika hapa Mombasa kwa saa 75 mfululizo akiitafuta rekodi ya dunia, na sote tulijivunia, kwa haki kabisa. Sasa chukua mtu anayepika saa mbili kila usiku. Siku ya 38 ashapita saa 75. Siku ya 76 ashapita mara mbili. Huyo hana kamera, hana saa ya kuhesabia, na akichelewa kidogo anaulizwa, "Kwani leo hatuli?"

Kwetu mambo yalibadilika mwaka huu mwezi wa Januari, na aliyeyabadilisha ni dadangu mwenyewe. Tuko mkekani tunakula, akaweka kijiko chini akasema, "Mimi nna mtihani mwezi wa kumi na moja. Nataka sheria. Anayefika nyumbani kwanza ndiye anayepika. Awe nani."

Mama akanyamaza. Mdogo wangu akasema, "Lakini mimi ni mwanamume."

Bibi ndiye aliyemjibu, na sitasahau. "Babu yako alikuwa baharia. Jahazi lilitoka Lamu likenda Unguja, siku ngapi huko baharini, na ndani hamna mwanamke hata mmoja. Walikuwa wakila nini, mjukuu wangu? Upepo?"

Tulicheka mpaka mtu akapaliwa. Sheria ikapita.

Na bibi alisema kweli. Ebu nendeni harusini. Ile sufuria ya biriani inayopakuliwa na koleo, mara nyingi anayeisimamia ni nani? Mwanamume, kajifunga shuka, jasho linamtoka, na watu wanamwita fundi. Anayechoma mishkaki barabarani ni nani? Mwanamume. Muuza kahawa na kashata? Mwanamume. Kwa hivyo mwanamume wa Pwani anajua kupika kitambo. Asichokipenda ni kupika bila malipo na bila kusifiwa. Hapo ndipo penye mambo.

Maskani walinisema, sana tu. "Maze, umeolewa?" "Bibi harusi, leo kuna nini?" Mimi huwajibu kwa swali: nyinyi mkifika kwenu usiku mnakula chakula kilichopikwa na mikono ya nani, na huyo mtu alikula saa ngapi? Huwa wanabadilisha mada. Na wawili kati yao siku hizi hunitumia ujumbe kwa siri kuuliza tui linakamuliwa vipi. Siwataji.

Haya. Basi twende jikoni.

Kwanza, tui

Ukijua tui, nusu ya mapishi yetu ushayajua. Kwa watu watano nazi mbili zatosha. Ukiwa na mbuzi, kuna mwenyewe. Ukiwa huna, wauzaji wengi wa nazi wana mashine, atakukunia pale pale. Mwagia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja. Hilo la kwanza, zito, ndilo kasimele. Liweke kando. Rudia na vikombe viwili vya maji, kamua tena. Hilo ni tui la pili, jepesi.

Sheria ni moja: tui la pili ndilo la kupikia, kasimele ni la kumalizia. Na kasimele likishaingia, moto uwe mdogo, usifunike, na uwe unakoroga. Ukiliacha lichemke kwa fujo, tui hukatika, mafuta yanapanda juu na mchuzi unakuwa mabonge mabonge. Kuliwa linalika, lakini si lile.

1. Maharagwe ya nazi

Hiki ni cha Jumatatu, manake kazi kubwa inafanywa Jumapili. Jumamosi usiku loweka kilo moja ya maharagwe. Jumapili mwaga yale maji, tia maji mapya, chemsha mpaka yalainike kabisa. Usiyale yakiwa nusu mbichi, hasa yale mekundu. Yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, na inayoiondoa ni kuchemka kwa nguvu, sio kupashwa moto kidogo. Gawanya mara mbili. Nusu ya Jumatatu, nusu nyingine kama kuna friji iweke, kama hakuna ipike Jumapili hiyo hiyo.

Sasa siku yenyewe: maharagwe kwenye sufuria, kitunguu kimoja, tungule mbili (wale wa bara mwaziita nyanya), nusu kijiko cha manjano, pilipili nzima bila kuipasua, na tui la pili. Acha yachemke dakika kumi, tungule ziive. Tia chumvi, tia kasimele, koroga taratibu dakika tano. Basi. Ukianza saa moja kasorobo, saa moja na robo mnakula. Kwa wali, kwa chapati, kwa sima, yote yakubali.

Na yakibaki, asubuhi kuna mwiku na chai. Mimi naona mwiku wa maharagwe ni mtamu kuliko yenyewe ya usiku, na sitaki ubishi.

2. Mseto wa pojo

Hiki ni cha yule aliyechoka. Sufuria moja, kijiko kimoja. Pojo ndio ndengu, kwa wale wa bara. Chukua kikombe kimoja cha pojo, chambua, osha, chemsha kama dakika 20 mpaka zianze kupasuka. Tia vikombe viwili vya mchele uliooshwa, chumvi, na tui la pili lifunike juu kama kidole kimoja. Funika kwa moto wa wastani. Maji yakikaribia kukauka tia kasimele, geuza na mwiko, punguza moto mpaka mwisho, acha viive pamoja mpaka vilainike vishikane. Mseto haufai kuwa punje punje kama pilau. Mseto ni laini.

Bibi hula wake na samli kidogo. Sisi hula na achari ya ndimu au pilipili ya ukwaju. Kukiwa na mchuzi wa papa hiyo ni sherehe. Mdogo wangu alianza na huu, manake huwezi kuuharibu sana. Ukizidisha maji, ni mseto. Ukipunguza, ongeza maji, bado ni mseto.

3. Sima, mchicha wa nazi na dagaa

Hiki kinatisha watu kwa sababu ni vitu vitatu. Siri ni kupanga. Anza na dagaa wakavu: toa vichwa, waoshe kwa maji moto mara mbili mpaka mchanga uishe, wachuje wakauke. Wakati wanakauka, katakata mafungu matatu ya mchicha na uuoshe.

Kaanga dagaa mpaka wakauke waite. Watoe. Kwenye mafuta yale yale kidogo kaanga kitunguu, tungule moja na pilipili, rudisha dagaa, kamulia ndimu, zima. Sufuria ya pili: kitunguu, tungule, mchicha wote, funika dakika tatu unywee wenyewe bila maji. Tia kasimele la nazi moja, chumvi, koroga dakika tano. Mchicha usiuchemshe mpaka uwe mweusi, tafadhali. Halafu sima mwisho, manake sima ikipoa haina mjomba.

4. Muhogo wa nazi

Cha mwisho wa mwezi, wakati mfuko unapiga miluzi. Menya muhogo, kata vipande, toa ule uzi wa katikati, osha. Weka na maji na chumvi mpaka ulainike, mwaga maji. Tia tui la pili, kitunguu, kipande cha tangawizi, pilipili nzima. Uchemke dakika kumi, kasimele juu, ndimu kidogo. Umekwisha. Muhogo usile mbichi, na ukionja ukauona mchungu achana nao. Mchungu si ladha, ni onyo: muhogo mchungu una sumu.

Mtu asikwambie muhogo ni chakula cha shida. Watalii hulipa pesa kwenye hoteli za ufuoni kula hivyo hivyo, na kijani juu.

5. Samaki wa kupaka, wa siku ya mshahara

Huyu anategemea upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia kama Disemba hadi Machi, bahari imetulia, wavuvi wanatoka na samaki wanashuka bei. Wakati wa kusi bahari inachafuka na bei inapanda, kwa hivyo usilazimishe. Kula maharagwe, subiri.

Chukua changu au tafi, mmoja mmoja wa kila mtu. Mpare, mpasue ubavuni, mpake thomu, tangawizi, chumvi, pilipili na ndimu. Mkaange, au mchome kwenye jiko la makaa kama una muda. Pembeni: kasimele la nazi mbili, thomu, nusu kijiko cha manjano, vijiko viwili vya maji ya ukwaju, chumvi. Koroga kwa moto mdogo mpaka liwe zito. Mpake samaki pande zote mbili, mrudishe motoni kidogo. Wali mweupe, kachumbari. Mama akila huyu hufunga macho, na hasemi kitu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupika, hiyo ndiyo shahada.

Sasa pesa

Mtu ataniambia, "Si ununue tu?" Sina ugomvi na wauza chakula. Mbaazi na mahamri ya asubuhi nanunua, viazi karai nanunua, na yule mama anayeuza anasomesha watoto kwa hiyo karai. Lakini usiku, kwa watu watano, hesabu inakataa. Chipsi za shilingi 100 mara tano ni 500, na saa nne bibi ana njaa tena. Wiki iliyopita maharagwe ya nazi na wali yalinigharimu kama 350: maharagwe, nazi mbili, mchele, kitunguu na tungule. Wakashiba watano, na asubuhi kukawa na mwiku. Ukienda Kongowea mapema ukanunua nafaka na vitunguu vya wiki nzima, unashuka zaidi. Ni mbali na Likoni, najua, kwa hivyo sisi na majirani wawili huchanga nauli akaenda mmoja.

Sheria ina mashimo yake

Nisiwadanganye, haikuwa laini. Mdogo wangu alikuwa mjanja: baada ya wiki mbili akawa anafika kwa hesabu, anachungulia dirishani, akiona hakuna mtu ndani anarudi uwanjani. Dadangu akamgundua. Tukaongeza kifungu: anayechelewa bila sababu anaosha vyombo wiki nzima. Siku hizi anakuja mbio.

Shimo la pili ni mama mwenyewe. Wiki za mwanzo alikuwa akifika anafunua kila sufuria, anaongeza chumvi, anauliza kwa nini kitunguu kimekatwa hivi. Jikoni ni ufalme wake, na mtu hatoi ufalme siku moja. Kama mamako yuko hivyo usikasirike. Mwachie aonje, mwachie aseme, wewe pika kesho tena. Kwetu ilichukua kama mwezi. Usiku mmoja alifika, akanawa mikono, akakaa, akala bila kufunua sufuria yoyote. Halafu akasema, "Kuna kidogo cha kubeba kesho kazini?" Mpishi wa kafeteria anabeba chakula kutoka nyumbani! Nilienda kuosha sufuria ili watu wasinione uso.

Na shimo la tatu ni kubwa zaidi: wakati mwingine anayefika kwanza ni dadangu. Shule ikitoka mapema, sheria inamrudia yeye yule yule. Kwa hivyo tulikubaliana kwamba kuanzia Septemba mpaka amalize mtihani, yeye hayuko kwenye zamu. Akifika kwanza anawasha taa na kufungua kitabu. Mimi na mdogo wangu tunagawana siku. Haki haikuwa kila mtu kupika sawa, haki ilikuwa kuangalia nani amebeba nini.

Kwa hivyo, wewe uliyeniomba kitu rahisi cha usiku, nimekupa vitano. Chagua kimoja, kimoja tu, ukipike wiki hii wewe mwenyewe, hasa kama wewe ni mvulana na hujawahi kuwasha jiko ila la kuchemshia chai. Usitangaze, usingoje kusifiwa. Pika, pakua, osha sufuria. Halafu kaa uangalie aliyekuwa akipika kila siku anafanya nini na zile saa mbili. Wa kwetu anafanya hesabu za Kemia, na siku hizi anazipata.

Haya, mimi nna pojo motoni na zinaanza kupasuka. Tuonane.